Huyu wa Pili Anapiga Nini?

Ilikuwa Jumapili jioni, umeme umekatika, na mpwa wangu kalala kifudifudi kwenye mkeka sebuleni, anamalizia chaji iliyobaki kwenye simu yangu. Ana miaka 13. Tangu aanze kujifunza kinanda anasoma majina ya wanamuziki kama wenzake wanavyosoma msimamo wa ligi: nani kapiga wapi, na nani, mwaka gani.

"Mjomba, hawa Hosono na Yokoo ndio wale unaowasikilizaga?"

"Ndio."

"Hosono anapiga vinanda. Na huyu wa pili anapiga nini?"

"Hapigi kitu."

Akageuka, akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Sasa jina lake linafanya nini huku juu?"

Nikamwambia kachora kava. Akasema waliochora kava huwa wanaandikwa nyuma, kwa herufi ndogo. Sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli. Umeme ukarudi, akainuka kwenda kuchomeka simu, na kwake habari ikaishia hapo.

Kwangu hii ni wiki ya sita.

Majina mawili

Mnaopita hapa mara kwa mara mnajua nilivyo kwa Haruomi Hosono, mwanamuziki wa Kijapani, kwa hiyo sitaanza na bendi yake ya Happy End, wala na ile nyumba ya kupanga kule Sayama alimorekodia albamu yake ya kwanza mwaka 1973. Naanza na Septemba 1978, pale King Records walipotoa santuri iitwayo *Cochin Moon*. Juu yake kuna majina mawili yaliyounganishwa na alama moja: Hosono & Yokoo. Hakuna "akishirikiana na", hakuna "kwa msaada wa". Ni alama ile ile inayowekwa kwenye kadi za harusi.

Tadanori Yokoo ni mchoraji. Kazaliwa Nishiwaki, mkoa wa Hyogo, mwaka 1936, na mabango yake ya miaka ya sitini yalimfikisha hadi kwenye kuta za MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa la New York. Kama umewahi kushika *Lotus*, ile albamu ya Santana iliyorekodiwa Osaka mwaka 1973, basi umeshika kazi ya mikono yake. Jalada lake lina kurasa 22 za kukunjua. Ukilitandaza lote sakafuni hupati pa kukanyaga.

Hawa wawili walisafiri pamoja kwenda India. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa kutengeneza muziki kutokana na sauti zitakazookotwa huko huko, na Yokoo awe na mkono wake kwenye muziki wenyewe. Kisha matumbo yakawaendesha. Wote wawili, na Hosono akazidiwa hasa. Waliporudi Tokyo mpango ule ulikuwa umekwisha kufa. Hosono akaingia studio na mashine zake, na mpiga kinanda Ryuichi Sakamoto, na fundi wa mashine Hideki Matsutake, akatengeneza muziki wa picha ya Kihindi ambayo hakuna aliyeipiga. Yokoo akachora jalada.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, nilicheka. Watu wanakwenda kutafuta sauti, wanarudi na kuhara.

Safari hii sikucheka.

Kupiga

Kwanza nilijaribu kujitoa kwa ujanja wa lugha. Kwa Kiswahili mtu anapiga ngoma, anapiga gita, anapiga picha, anapiga pasi, anapiga kura, anapiga rangi. Ningeweza kumjibu yule mtoto kwamba Yokoo anapiga rangi, tukacheka, tukala ubwabwa. Lakini alichokuwa anauliza nilikijua, na yeye alijua kwamba nimekijua.

Nikajaribu njia nyingine. Nikajiuliza, ndani ya hii santuri ni nani hasa anayepiga?

Mashine iliyopanga noti zake, Roland MC-8, ilitoka mwaka 1977. Usifikirie kinanda. Fikiria kikokotoo kikubwa cha karani, kimeunganishwa kwa nyaya na kabati za sinthesaiza, mashine zinazotengeneza sauti kwa umeme. Matsutake, aliyejifunzia kazi kwa Isao Tomita, mtunzi wa muziki wa sinthesaiza, ndiye aliyekuwa anakaa mbele yake. Kila noti inaingizwa kwa namba. Namba ya kwanza inasema noti iwe juu au chini kiasi gani. Ya pili inasema upite muda gani kabla ya noti inayofuata kuingia. Ya tatu inasema, ndani ya muda huo, noti ilie kwa kitambo gani kabla ya kukatwa.

Hiyo namba ya tatu ndiyo naipenda. Tuseme muda wa noti ni 24. Ukiipa mlio wa 23, noti zinashikana mikono kama watoto wa shule wanaovuka barabara. Ukishusha mlio hadi 5 na muda ukabaki 24, kila noti inakuwa tone moja la mvua juu ya bati, na katikati kimya. Hujabadilisha wimbo wala kasi. Umebadilisha kimya tu. Unafanya hivyo noti moja baada ya nyingine, mamia yake, na ukimaliza unahifadhi kila kitu kwenye kaseti, maana ukizima tu mashine nayo imesahau.

Kisha unabonyeza kitufe kimoja, unakaa, mikono magotini, unasikiliza kama mpita njia.

Sasa hapo nani kapiga? Matsutake aliyebonyeza namba? Hosono aliyezipanga kichwani? Waya?

Niliifurahia hoja hii kwa siku tatu. Nilimpigia hata rafiki yangu mmoja wa Morogoro kumtambia. Siku ya nne ikanichosha, kwa sababu haijibu swali. Namba za Matsutake zinasikika. Vidole vya Sakamoto vinasikika. Ukiniwekea mkanda mbele na kuniambia nikuonyeshe Yokoo yuko dakika ya ngapi, sina pa kunyooshea kidole.

Ghorofa ya chini, ghorofa ya juu, paa

Kilichonigeuza ni kitu nilichokuwa nacho mbele ya macho miaka yote: majina ya nyimbo.

Upande wa kwanza una nyimbo tatu, na zote zinaitwa "Hotel Malabar". Ya kwanza ni ya ghorofa ya chini, "Ground Floor". Ya pili "Upper Floor". Ya tatu "Roof Garden". Upande wa pili unafunguka na "Hepatitis", yaani homa ya ini, halafu "Hum Ghar Sajan", halafu unafungwa na "Madam Consul General of Madras".

Soma tena, polepole. Hakuna hekalu. Hakuna mto mtakatifu, hakuna tembo, hakuna jua linalozama nyuma ya mnazi. Kuna hoteli, ghorofa zake, ugonjwa, na mama mmoja.

Nilizima taa nikalala chini kwenye saruji, nikaweka upande wa kwanza. Kuna kitu kinachemka humo ndani, taratibu, kama uji uliosahauliwa jikoni. Kuna vinavyokoroma kama vyura na vinavyolia kama nyenje, na unajua fika kwamba hakuna chura wala nyenje, ni umeme. Kuna sauti za watu zilizopitishwa kwenye mashine hadi maneno yakayeyuka, ukabaki ule mnong'ono unaousikia ukiwa na homa, pale watu wanapoongea chumba cha pili na wewe huna nguvu ya kuuliza wanasema nini. Mdundo unajirudia, unajirudia, haukufikishi popote. Mtu mzima anaweza kuuona unachosha. Mtu aliyewahi kulala siku tatu akihesabu mapanga ya feni atautambua palepale.

Halafu "Hepatitis" ikaja, nami nikacheka gizani peke yangu. Ndio wimbo mchangamfu kuliko yote! Unaruka kamba. Kama kuna namna nyingine ya kuisimulia homa ya ini isiyo ya kujililia, mimi sijaikuta.

Nilikuwa naisikiliza kama albamu kuhusu India, na nikiihukumu hivyo. Kumbe ni albamu ya chumba.

Na safari iliyoishia chumbani humo ilikuwa ya watu wawili.

Hapo ndipo swali la mpwa wangu lilipoanza kunichoma kwa upande mwingine. Hosono amesimulia jinsi mke wa balozi mdogo wa Japani mjini Madras alivyowahudumia kwa chakula cha kwao. Wimbo mzima wa mwisho, mrefu, wa kutulia, una jina la cheo chake. Mtoto angeniuliza: na huyu mama je, anapiga nini? Hapigi kitu. Kapika. Bila yeye huenda tusingekuwa na santuri ya kubishania.

Na "Hum Ghar Sajan" ni maneno yanayofungua wimbo wa ibada wa Kalasinga. Maana yake, kwa karibu, ni kwamba rafiki amefika nyumbani kwetu.

Banda la video

Lakini kuna kero ya pili sitaki kuiruka. Mjapani mgonjwa anakaa India majuma machache, anarudi kwao, anatengeneza "muziki wa picha ya Kihindi". Kwa ruhusa ya nani?

Nilitaka kuwa mkali hapa. Nilishaanza hata kuandika. Kwamba Kochi, ndiyo Cochin ya kwenye jina la santuri, na pwani yote ya Malabar, kwetu sisi wa huku, si nchi ya ndotoni. Jahazi zilikwenda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Msaji wa Malabar umo kwenye mbao za vyombo vyetu. Vasco da Gama mwaka 1498 alipofika Malindi ilibidi apewe rubani wa kumvusha hadi Kalikuti, maana njia ilikuwa inajulikana na wenye bahari. Nilikuwa naandika kama mwenye hati ya kiwanja anayemfukuza mvamizi.

Kisha nikakumbuka banda.

Tanga, mtaa wetu, banda la mabati na magunia, mabenchi ya mninga, televisheni moja juu ya kabati. Picha za Kihindi zilikuwa Ijumaa na Jumamosi. Pembeni alikaa mtafsiri na maikrofoni yake, kaka mmoja mwembamba aliyekuwa fundi baiskeli mchana. Kihindi hajui hata cha kuombea maji. Lakini alijua stelingi anamwambia nini mama yake, adui anapanga nini, na kwa nini yule dada analia kwenye mvua. Alijua kwa sura, kwa muziki, na kwa kuwa picha zile zilikuwa ndugu. Sisi nasi tuliimba nyimbo zote, mwanzo mpaka mwisho, kwa Kihindi ambacho hakijawahi kusemwa na Mhindi yeyote. Mama yangu, aliyeona hayo ni uhuni, alikuwa na kaseti za taarab ndani, na nusu ya mahadhi ya taarab ile yalikuwa yametoka kwenye picha hizo hizo.

Usiku mmoja mkanda ulinasa. Kioo kikawa cheusi. Mwenye banda akafungua deki, akaanza kuvuta utepe kwa kalamu. Tulijua tutarudishiwa hela zetu au tutapigana.

Yule kaka hakuweka maikrofoni chini. Aliendelea. Kioo cheusi, yeye anaendelea: stelingi kafika mlangoni, kakuta nyumba imeungua, kamwona mbwa tu. Akaigiza mbwa. Akaigiza mvua kwa kukwaruza maikrofoni kwenye suruali. Hakuna aliyetoka. Picha iliporudi ilikuwa mahali pengine kabisa, stelingi yuko gerezani, watu wakaguna kwa hasara, wakataka ile ya mwanzo.

Kwa hiyo mimi na Hosono tumekalia benchi moja, sina namna. Nyimbo za picha ambayo haipo nimeshazisikia kwa masikio yangu, Tanga, kwa kiingilio cha shilingi mia.

Hata hivyo sijatulia. Hosono alikuwa anajua anachokifanya, na kujua hakumfanyi mtu asiwe na deni. Miezi miwili baada ya *Cochin Moon* ikatoka albamu ya kwanza ya Yellow Magic Orchestra, bendi yake mpya, na ndani yake wakaichukua "Firecracker" ya Martin Denny, Mmarekani aliyetengeneza Asia ya sebuleni kwa ajili ya Wamarekani wenzake, wakaipitisha kwenye mashine na kuirudisha ilikotoka ikiwa na meno. Huo ni mchezo mzuri: aliyechorwa anachukua brashi. Lakini India haikuwa imemchora Mjapani. Brashi ile hakunyang'anya mtu, alikuja nayo kwenye begi.

Hapo nimekwama, naomba mniache nilivyo.

Mwanachama asiyetokea

Nirudi kwa Yokoo. Kuna kisa ambacho kimesimuliwa mara nyingi, kwamba Hosono alimtaka Yokoo aingie Yellow Magic Orchestra. Si kuchora. Kuingia, awe mwanachama, pamoja na Sakamoto na Yukihiro Takahashi. Siku ya kuwatangaza kwa waandishi wa habari Yokoo hakutokea, na bendi ikaanza na watu watatu.

Watu hukisimulia kwa kuchekesha. Mimi naona kinaeleza kitu kuhusu hesabu ya Hosono. Alikuwa na Sakamoto, mtu aliyesomea utunzi chuoni. Alikuwa na Takahashi, mpiga ngoma aliyekaa kwenye mdundo kuliko mashine yenyewe. Alikuwa na Matsutake wa namba. Wapigaji hakupungukiwa. Aliona bado kuna kiti, na akataka kukiwekea mtu asiyepiga.

Takahashi alifariki Januari 2023. Sakamoto akamfuata Machi. Nakumbuka wiki ile ya Aprili habari zake zilipotangazwa nilikaa na vipokea sauti masikioni kwenye daladala la Gongo la Mboto nikapitiliza vituo viwili.

Ile yetu

Sasa yangu. Nimekuwa nikizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwaka 2016 nilitoa rekodi ndogo ya dakika 31. Sauti za usiku kutoka Pemba, kaskazini huko karibu na msitu wa Ngezi, zimefumwa na sinthesaiza mbili za mtumba. Walioisikiliza ni wachache, baadhi yenu mmo. Jina lililo juu ni moja, na ni langu.

Tulikwenda watu wawili.

Rafiki yangu ni mchoraji wa mabango ya maduka. Ukipita njia fulani za Tanga ukaona kuku wa kukaanga aliyechorwa akiwa anatabasamu, ndio mkono wake. Safari ilikuwa wazo lake. Nyumba tuliyofikia Konde ilikuwa ya bibi yake. Mimi nilikuwa na kinasa sauti, betri, kofia, na madaftari ya mpango: usiku wa kwanza msituni, wa pili ufukweni, wa tatu sokoni alfajiri.

Usiku wa kwanza tumbo likanishika. Sijui ni pweza, sijui ni maji. Nililala kwenye godoro siku tatu, nikitoka nje kwa kushika ukuta, na baadaye bila hata kuweza kutoka. Bibi aliniletea uji wa mchele na chumvi. Rafiki yangu alibeba ndoo. Aliibeba kwenda, akaiosha, akairudisha, sijui mara ngapi, na hakuna hata mara moja aliyoleta mzaha. Yeye ambaye hawezi kupita msibani bila kusema neno.

Usiku wa tatu harufu ilikuwa imemshinda kila mtu. Akaamka akafungua dirisha la mbao, lile ambalo bibi alikuwa analifunga kwa ajili ya mbu.

Vyura wakaingia.

Namaanisha sauti. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la mpunga lililojaa maji, na siku zote tatu walikuwepo, nami nilikuwa nasikia tu kitu kama mkoromo wa mbali. Dirisha lilipofunguka ikawa kama mtu kamwaga gunia la shanga chumbani. Akasimama pale, mgongo kwangu, akasema, "Sikiliza hawa." Nikanyoosha mkono chini ya godoro, nikabonyeza kitufe chekundu. Hizo ndizo dakika 11 za mwanzo. Zote ambazo watu waliwahi kuniandikia kuzisifu zimo humo. Msituni sikufika kabisa.

Yeye akachora jalada: dirisha, na giza. Nikamweka nyuma, kwa herufi ndogo. "Jalada."

Hakuwahi kulalamika. Ila mwaka mmoja baadaye tulikutana stendi, tukaulizana habari za watoto, na katikati akasema, "Na ile yetu inaendeleaje?"

Nikamjibu, "Ile rekodi yangu? Inakwenda, inakwenda."

Sikukusudia. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyokurekebisha matamshi. Akaitikia kwa kichwa, akabadilisha habari kwenda kwenye bei ya rangi, kwamba kopo la lita nne sasa limefika wapi. Alikuwa na doa la kijani kwenye kucha ya kidole gumba. Nalikumbuka hilo doa kwa sababu ndilo nililolitazama.

Nilikuwa na hoja zangu, na zilikuwa nzuri. Nilikata sauti mwenyewe miezi mitano. Kila mahali sinthesaiza inapoingia ni mimi. Kufungua dirisha si kutunga. Kama ni hivyo na bibi naye aandikwe, na pweza naye aandikwe.

Halafu mtoto wa miaka 13 ananiuliza jina la Yokoo linafanya nini huku juu, na mimi najiona nimesimama upande wake, natetea herufi ndogo.

Hosono aliweka pweza. Aliweka ugonjwa wenyewe, kwa jina, wimbo wa kwanza upande wa pili. Aliweka mama wa Madras. Na mtu waliyeugua pamoja alimweka juu, sawa naye, kwa alama ya kadi ya harusi, wakati kila mwenye masikio angeweza kumuuliza: huyu kapiga nini?

Fomu

Jumamosi iliyopita niliingia kwenye ukurasa ule wa zamani. Nenosiri lilikuwa limepotea. Nilitumia saa nzima kulirejesha. Sehemu ya jina la msanii inakubali kubadilishwa. Nikaongeza alama ile, nikaongeza jina lake. Ilichukua sekunde kumi, jambo lililoniudhi kuliko kama lingechukua siku nzima.

Lakini chini kuna sehemu nyingine. Kila msanii lazima ajaziwe alichopiga, vinginevyo ukurasa haukubali kuhifadhi. Kuna orodha ya kuchagua: gita, besi, ngoma, sauti, kinanda, filimbi, na kuendelea hadi vyombo ambavyo sijawahi hata kuviona. Mwishoni kuna nafasi tupu ya kuandika mwenyewe.

Nikampigia simu. Alikuwa juu ya ngazi mahali, nasikia mtaa chini yake.

"Ile ya vyura?" akasema. "Mimi nilidhani ulishaifuta."

Nikamweleza. Nikamweleza vibaya, nikaanza na Wajapani, nikaingia India, nikarudi Konde, na yeye ananisikiliza na brashi mkononi. Nikamwambia jina lake nimeshaliweka juu, sasa hii fomu inataka kujua kapiga nini, na mimi sijui niandike nini.

Kimya kidogo. Honi ya bodaboda. Nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Andika ndoo."

Nikaandika. Ikahifadhi.